ACL (kano ya ndani ya goti) imekatika, Dar wanasema nipasuliwe, fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) wa hapa Tanga anasema tuanze na mazoezi. Nimsikilize nani?

Winga wa Makorora

Wakuu salaam. Naomba mawazo hasa kwa waliopitia hili au wataalamu kama wapo humu. Mwezi uliopita kwenye ndondo nilipokea mpira nikageuka ghafla, njumu ikabaki imeshika ardhi, mwili ukaenda huku goti likabaki kule, hakuna hata mtu aliyenigusa, nikasikia "ko!" ndani ya goti nikakaa chini. Kabla ya isha lilishajaa hata suruali haipandi. Eksirei ikaonyesha mfupa mzima, nikaambiwa ni mshtuko tu nitapona nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani. Wiki zinaenda goti halieleweki, ndugu wakanichangia nikapiga MRI Dar, majibu ACL imekatika yote, meniskasi (vile vijito vya kati ya mifupa ya goti) zote nzima. Daktari kasema oparesheni na bei aliyotaja wakuu acheni tu, bima yangu haifiki huko.

Nimerudi Tanga nikaonana na fizio, kalishika goti kalivuta vuta, kasema uvimbe utoke kwanza, tufanye mazoezi miezi mitatu ya kueleweka ndio tuamue habari ya kisu. Sasa mimi hapo ndio nachanganyikiwa, kitu kimeshakatika, mazoezi yanakiungaje? Afu bi mkubwa nae anataka nipelekwe Muheza kwa mzee mmoja anakanda mifupa.

Kazi yangu naendesha guta pale Mgandini, kwa hiyo mguu ndio ofisi. Kwa sasa barabara iliyonyooka natembea vizuri tu ila juzi nashuka ngazi za msikitini goti likachomoka kidogo likarudi, jasho likanitoka. Uwanjani kurudi kupo? Na kabla ya uwanjani, guta nitaendesha lini?

Golikipa Mstaafu

Dogo usipoteze muda kapasuliwe. Umeona wapi mchezaji wa Ulaya akakatika ACL akaambiwa afanye mazoezi? Karibu wote wanapasuliwa. Fizio nae anatafuta riziki yake.

Fizio wa Mwambao

Golikipa umeniingilia kwenye riziki yangu bwana 😄 Mimi ni fizio, mkoa huu huu, ila siye niliyemshika Winga kwa hiyo sina maslahi hapo.

Hao wa Ulaya mkataba wao unawataka warudi kugeuka kwa kasi mbele ya watu elfu hamsini, na klabu ndio inalipa. Winga si huyo. Na swali lake la kitu kilichokatika kuungwa na mazoezi ni swali halali kabisa, tena lilishapimwa. Pale Lund, Sweden, walichukua vijana 121 wa miaka 18 mpaka 35, watu wa michezo lakini sio wa kulipwa, wote ACL imekatika karibuni, wakawagawa kwa kura. 62 wakapasuliwa mapema na kufanyishwa mazoezi, 59 wakaanzishiwa mazoezi tu huku mlango wa oparesheni ukiachwa wazi kwa atakayeshindwa. Majibu ya miaka miwili yakatoka 2010, ya miaka mitano yakatoka 2013. Ukiangalia maumivu, shughuli za kila siku, michezo, makundi mawili hayakupishana. Mpaka mwaka wa tano katika wale 59, watu 30 walikuwa wameishia kupasuliwa na 29 hawajaguswa na kisu. Uholanzi nao wakafanya kwa watu 167, majibu 2021, waliopasuliwa mapema walikuwa mbele kidogo kwa alama wanazojipa wagonjwa wenyewe juu ya hali ya goti ila tofauti yenyewe ndogo kiasi kwamba ni mashaka kama mgonjwa anaihisi, na nusu ya walioanza na mazoezi hawakuhitaji tena oparesheni.

Na kuna kitu kilichotushangaza hata sisi. 2022 walirudi kwenye picha za MRI za wale wa Sweden, wakakuta kati ya 30 waliopigwa picha miaka miwili ilipofika na ambao mpaka hapo walikuwa na mazoezi peke yake, 16 kano yao ilionekana imeshikana tena. Tulivyofundishwa chuoni ni kwamba ACL ikikatika basi. Sisemi mazoezi ndio yaliyoiunga, nasema mwili haukukata tamaa haraka kama vitabu vyetu.

Sasa Winga, kazi ya ACL ni kuzuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele na goti lisijipinde ukigeuka. Isipokuwepo, misuli ya nyuma ya paja inauvuta ugoko kurudi nyuma na ile ya mbele pamoja na makalio inashika uzito, lakini lazima ifundishwe kuwahi, maana goti likishachomoka umechelewa. Shida ni kwamba goti likiwa na maji ndani, mwili wenyewe unauzimisha msuli wa mbele wa paja. Sio uvivu wako, ni waya umekatwa kwa muda, hata ukilazimisha hauitikii. Ndio maana mwenzangu kasema uvimbe kwanza.

Jaribu sasa hivi. Kaa kitandani miguu imenyooka, viringisha taulo uiweke chini ya goti, ikandamize taulo kwa goti mpaka kisigino kinyanyuke. Anza na mguu mzima, tazama ile nyama iliyo juu ya pia ya goti upande wa ndani, itaruka iwe ngumu. Hamia mguu mbovu. Nina hakika hapo nyama itatetemeka tu au italala kimya kabisa, na ukiweka vidole viwili juu yake utahisi ni laini wakati wewe unaona umekaza kwa nguvu zote. Fanya hilo mara nyingi kwa siku, kaza hesabu tano achia, mpaka miguu miwili ifanane. Ukishindwa hilo usiniulize habari ya kuruka wala kukimbia.

Mchokonozi

Fizio umeeleza vizuri ila umechagua za kukupendeza. Waingereza nao walitoa yao 2022, watu 316, hawa sio walioumia jana, ni wale wenye goti linalochomoka kila mara. Baada ya miezi 18 waliopangiwa oparesheni walipata alama 73 kwa 100, waliopangiwa mazoezi 64.6. Hiyo hukuitaja. Na Winga kasema mwenyewe goti limechomoka msikitini.

La pili. Hao vijana wa Lund mazoezi yao yalisimamiwa, kuna fizio, kuna mashine, kuna mtu anakupigia usipotokea. Huku kwetu unapanga foleni asubuhi, fizio mmoja ana watu kibao, anakupa dakika chache na karatasi yenye vikatuni unaambiwa kafanye nyumbani. Ukishindwa watasema mazoezi hayakufanya kazi kumbe hujafanya mazoezi yoyote. Tusichukue majibu ya Sweden tukayabandika Makorora.

Fizio wa Mwambao

Mchokonozi hapo umepiga penyewe na sitakubishia kwa la pili, hilo ndilo linaloniuma kila siku kazini. Mtu anaambiwa "tumejaribu mazoezi yameshindikana" ukimuuliza alifanya nini anakwambia alikuwa anakandwa na kuwekewa taa nyekundu. Kukandwa na taa vinaliwaza tu, havijengi paja. Paja linajengwa kwa mzigo, na mzigo unapanda kila wiki.

Mzigo wenyewe haulazimiki kuwa jimu. Mfuko wa unga ujaze mchanga ushone vizuri unakuwa na kilo zako tano za kufunga kifundoni. Kreti ya soda iliyopinduliwa ndio ngazi ya kupanda na kushuka kwa mguu mmoja, na kushuka ndio muhimu kuliko kupanda, shuka taratibu mbele ya kioo uone kama goti linakimbilia ndani. Ukuta wa kuegemea kama umekaa kwenye kiti kisichokuwepo upo kila nyumba. Na baiskeli, jamani Tanga hii baiskeli kila mlango, baiskeli ni dawa ya goti maana linakunjwa na kunyooka bila kupinda wala kugeuka, nyanyua kiti juu ili usikunje sana mwanzoni.

Kwa hiyo guta Winga: likiwa tupu, barabara ya lami ya tambarare, uvimbe umetoka na goti linanyooka lote, unaweza kuanza mapema tu. Lenye magunia ya nazi bado. Na kinachokutisha kwenye guta sio kukanyaga pedali, ni ule wakati unashuka unalisukuma umejipinda huku mguu mmoja umekita kwenye mchanga, hapo ndio goti lako litatoka. Tafuta kijana wa kusukuma.

La Waingereza ni kweli na nililiacha makusudi nione nani atalileta. Halipingani na ya Sweden. Aliyeumia karibuni anaanza na mazoezi, lakini ambaye ameshajaribu na goti bado linamtoka, huyo kumrudisha kwenye mazoezi yale yale ni kumchelewesha, na kila goti linapochomoka linaweza kuondoka na meniskasi ambayo kwa sasa ni nzima. Kuchomoka mara moja wiki ya nne ukiwa na paja lililolala hakuniambii kitu. Kuchomoka mwezi wa tatu na paja limejaa kunaniambia mengi.

Namba Sita

Mimi nimepasuliwa, Dar, na sijutii maana mazoezi nilishafanya kwanza na goti likaendelea kunitoka hata nikiwa natembea ufukweni. Ila Winga usidhani kisu ndio mwisho wa mazoezi, ndio mwanzo. Oparesheni yenyewe nililala nikaamka imeisha, walichukua kano za nyuma ya paja langu mwenyewe wakatengeneza ACL. Kilichonitoa machozi ni kunyoosha. Unaweka kisigino juu ya mto, chini ya goti hamna kitu, unaliacha goti lizame lenyewe, dakika zinaenda hazitembei, watu wamelala mi nang'ata shuka. Fizio wangu alikuwa hajali sana kukunja mwanzoni, yeye kila akija anapima kunyoosha tu, anasema goti lisiponyooka wiki za kwanza utachechemea maisha.

Afu kuna kitu wengi hawaambiwi. Mwezi wa tatu wa nne goti haliumi kabisa, unajiona umepona, na kano uliyowekewa bado ni dhaifu maana mwili ndio kwanza unaigeuza iwe ya kwako. Kuna jamaa tulipasuliwa kipindi kimoja, mwezi wa tano akaenda bonanza "kucheza kidogo tu kipa", ikaondoka tena. Fizio wangu alinionyesha utafiti wa Norway na Marekani wa 2016, watu 106, kila mwezi unaosubiri kurudi uwanjani hadi kufika wa tisa hatari ya kuumia tena inapungua kwa 51%. Na sio kalenda tu. Wanakupima nguvu ya paja na kuruka kwa mguu mmoja, lazima mguu uliopasuliwa ufikie 90% ya mwenzake. Waliorudi bila kufaulu 38.2% waliumia tena, waliofaulu 5.6%. Mimi nilifeli ile ya kuruka hatua tatu mfululizo nikakasirika nikarudishwa kwenye kreti la soda.

Mama Zai wa Duga

Wanangu hamjambo. Mimi sina mpira wala sina ACL lakini nimesoma mwanzo mwisho maana magoti haya yananiua. Nakaanga samaki nasimama kutwa, jioni nikikaa kunyanyuka ni vita, na kwenye swala nikienda sijda kurudi ndio kabisa. Picha wameniambia gegedu imelika na hiyo meniskasi yenu imechanika. Sasa kuna mtu kanishauri nikatiwe kamera goti lisafishwe. Mwanangu fizio wasemaje?

Fizio wa Mwambao

Shikamoo mama. Hili la kusafisha goti ngoja nikae nalo maana naliona kila wiki na watu wanauza viwanja kwa ajili yake.

Houston, Marekani, daktari mmoja wa mifupa na wenzake walifanya kitu cha ujasiri. Wagonjwa 180 wa goti lililolika kama lako, wakagawanywa mafungu matatu, wengine wakasafishwa na kukwanguliwa ndani, wengine wakaoshwa kwa maji tu, na fungu la tatu wakalazwa mezani wakachanjwa ngozi wakashonwa, ndani hawakuguswa. Wagonjwa hawakuambiwa nani kapata nini. Wakafuatiliwa miaka miwili, majibu 2002. Waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu! Watu wakabisha sana, wakasema labda kwa waliochanika meniskasi ni tofauti. 2013 Finland wakafanya hivyo hivyo kwa watu 146 waliochanika meniskasi ya kuchakaa na goti bado halijalika, nusu ikakatwa kile kipande, nusu wakaigiziwa. Baada ya mwaka hakuna tofauti.

Na usiogope sana neno "imechanika" kwenye karatasi. Marekani, mji wa Framingham, walipiga MRI magoti ya watu 991 wa kawaida mtaani, wa miaka 50 kwenda juu, na kati ya waliokutwa meniskasi imechanika 61% hawakuwa na maumivu wala kukaza mwezi mzima uliopita. Picha inaonyesha umri wa goti, haionyeshi maumivu yanatoka wapi. Nazungumzia hilo la kusafisha tu, kubadilishwa goti zima kwa aliyefikia huko ni habari nyingine. Na kama goti linakwama kabisa halikunji wala halinyooki, hiyo nayo ni nyingine, hapo unakwenda hospitali bila kungoja.

Kwa sasa uwe unaswali kwenye kiti, hakuna dhambi, muulize hata imamu. Lakini kiti hicho hicho kikusaidie: kaa, nyanyuka bila kushika kitu, kaa taratibu, rudia mpaka paja lichoke, siku unaacha siku unafanya. Kikiwa kifupi kinakushinda weka mto juu yake, wiki zikienda utoe mto. Utahisi maumivu na hilo lisikutishe, kipimo tunachotumia ni hiki, kwenye sifuri mpaka kumi yakiwa tano au chini na asubuhi yake yamerudi kama kawaida basi uko salama endelea, yakizidi au asubuhi goti limevimba punguza idadi ya kurudia, usiache. Na pale kwenye samaki tafuta stuli ndefu, kaa kidogo simama kidogo.

Mama Zai wa Duga

Ahsante mwanangu. Stuli ipo, mteja akiona umekaa anadhani samaki wa jana.

Golikipa Mstaafu

Haya nimenyamaza, nimesoma. Ila nina timu ya watoto jioni, hawa wa kike wapo na wa kiume. Kuna cha kufanya wasifike alipofika Winga?

Namba Sita

Kipo kaka na ni bure, inaitwa FIFA 11+, kupasha misuli kwa dakika 20 kabla ya mazoezi. Kuna kukimbia, kusimama mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa juu ya vidole lisiingie ndani, na ile ya kupiga magoti mwenzako anakushika vifundo unajiachia mbele taratibu, watoto wanaichukia hiyo kuliko zote. Norway walijaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 mpaka 17, majibu 2008, majeraha makubwa yakapungua karibu nusu kwa timu zilizofanya. Shida yake makocha wetu wanaifanya mara moja wanapiga picha basi. Ni kila mazoezi, angalau mara mbili kwa wiki.

Winga wa Makorora

Wakuu nimeshukuru sana. Nimejaribu la taulo, nyama imelala kimya kama alivyosema, mpaka nimeona aibu. Nitampa fizio miezi mitatu yake. Limebaki la bi mkubwa na mzee wa Muheza, kila siku ananiuliza na mimi sitaki kumvunjia heshima.

Fizio wa Mwambao

Usimvunjie. Mwambie mzee mfupa hauna tatizo, eksirei imesema, kwa hiyo hakuna cha kuunga. Akitaka kukupaka mafuta pajani na kwenye misuli ya nyuma ya mguu kwa mkono mwepesi sina neno, mwache bi mkubwa afurahi. Goti lenyewe asiligeuze, asilivute, asilikunje kwa nguvu mpaka lilie, na asilifunge vijiti ukakaa nalo limeganda wiki mbili, maana paja tunalolitafuta litakwisha lote. Na nenda nae bi mkubwa kwa fizio wako siku ya kupimwa, akishaona mwenyewe mguu mmoja umekonda kuliko mwenzake ndiye atakayekusimamia hilo taulo usiku.

Likichomoka tena andika siku na ulichokuwa unafanya, hata kwenye simu. Hiyo orodha mwezi wa tatu daktari wa mifupa ataitaka kuliko MRI.